Vyumba Arobaini na Saba

Gisenyi, Jumatatu, 1 Machi 1999

Leo ni miezi kumi na minne tangu nitoke Heru Juu, Kasulu. Minane nilikaa Kigali kwenye ujenzi, sita hapa. Nilipoaga nilisema nitarudi Pasaka. Sikusema Pasaka ipi.

Nimenunua daftari hili kwa sababu mvua imeanza na jioni sina pa kwenda. Nilifika darasa la tano tu, kwa hiyo nitaandika mambo kama yalivyo.

Kazi yangu ni kupakia na kushusha mabati katika depo ya Bwana Kimenyi. Mabati yanakwenda Bugeshi na Kanzenze, serikali inakojengea watu nyumba mpya. Bati linakata kama wembe, tunavaa soksi kuukuu mikononi. Wakati wa mvua kazi inakuwa mara mbili, maana bati likilazwa na maji juu ya bati lingine linaota ukungu mweupe na mnunuzi analikataa. Kila moja lifutwe kwa kitambaa, mbele na nyuma. Leo tumefuta mia nne.

Ninafuta pamoja na Munyakazi, mzee wa hapa hapa, mtu wa maneno. Mimi ananiita Mutanzania. Wote wananiita hivyo. Nadhani jina langu hawalijui.

Jumatano, 3 Machi

Mvua. Mabati mia tatu na kumi.

Jumanne, 9 Machi

Leo nimeingia ofisini kwa mara ya kwanza bila kubeba kitu.

Ofisini yuko Védaste, karani. Ni shemeji yake Kimenyi. Mwezi uliopita Kimenyi alileta kompyuta kuukuu kutoka Kampala alikokulia, akasema madaftari basi, kila kitu kiingie humo. Védaste alifundishwa siku mbili. Tangu hapo anaandika kwa kidole kimoja huku akihema kama mtu anayepanda mlima.

Saa sita mvua ilitufungia mlangoni. Nikaiona ile mashine, nikasema nina disketi yenye mchezo.

"We?" akasema Védaste. "Utatoa wapi disketi?"

Nikamweleza. Mwaka 1996, kwenye kambi za wakimbizi kule kwetu, nilikuwa mfagiaji katika ofisi ya watu wa misaada. Mzungu wa bohari alikuwa na mchezo wa zamani, alisema aliucheza tangu akiwa shuleni. Alinifundisha kuufungua, na ofisi ilipofungwa akaniachia. Nimetembea nao miaka mitatu ndani ya mfuko wa plastiki wa maziwa ya unga.

"Lakini Patron Kimenyi hapendi mutu aweke kitu mu mashine yake."

"Hauwekwi. Unakaa kwenye disketi na unachezwa kutoka kwenye disketi. Ukimaliza unaitoa, mashine haijui kama ulikuwepo. Hata chumba ulichofikia kinaandikwa kwenye disketi."

Akatazama mlango, akasogeza kiti. "Bon. Onyesha."

Nikaingiza disketi, nikaandika herufi na nukta mbili, kisha jina la mchezo. Skrini ikawa nyeusi. Akatokea yule mtu mdogo ndani ya bohari, na makasha yake. Kazi yake ni kuyafikisha kwenye alama. Hawezi kuvuta, anaweza kusukuma tu, tena kasha moja moja. Ukilisukumia kasha kwenye kona, limekufa. Unaanza chumba upya.

Vyumba viko sitini. Mimi nimefika arobaini na nne.

Védaste alicheza mpaka saa nane. Chumba cha kwanza kilimshinda mara sita. Nilipotoka, Munyakazi alikuwa ananingoja na kitambaa.

"We Mutanzania, asubuhi unasukuma mabati, saa sita unaenda kusukuma makasha mu mashine. Nani alikuroga?"

Jumatatu, 15 Machi

Mvua. Saa sita, ofisini. Chumba cha arobaini na tano.

Jumatatu, 22 Machi

Védaste ananiita kila siku sasa. Anapiga dirisha kwa funguo na kusema, "Mutanzania, kuja kuangalia hii mashine, iko na ugonjwa." Wengine wanacheka. Kwanza anacheza yeye, halafu mimi, halafu ananiachia niandike orodha ya mzigo huku anakula. Ninaandika kwa vidole vinne. Mabati yaliyoingia, entrée. Yaliyotoka, sortie. Dereva nani, lori gani. Sijawahi kukaa kwenye kiti chenye mgongo saa nzima nikiwa kazini.

Leo akasema, "Donc, tuweke mchezo ndani kabisa. Utakuwa unabeba disketi mpaka lini?"

Nikasema Patron atauona. Akasema Patron hajui hata kuwasha. Nikasema disketi imezeeka, itaharibika ikinakiliwa. Huo ni uongo. Ukweli nauandika hapa: mchezo ukiingia ndani ya mashine, mimi natoka nje. Ananiita kwa sababu mchezo uko mfukoni mwangu. Siku ukikaa pale bila mimi, nitabaki na kitambaa.

Nadhani alinielewa, maana alitazama mfuko wangu, akasema, "Unajua mvua ikiisha Patron anafungua depo ingine Kanzenze? Itatakiwa mutu wa kuichunga. Mutu mwenye kujua mashine."

"Nani anachagua?"

"Mimi ndiye naandika majina."

Ijumaa, 26 Machi

Mabati mia tano, yote yamelowa. Chumba cha arobaini na sita. Védaste ni mtu mwema kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 4 Aprili, Pasaka

Nimemwandikia mke wangu, barua ataichukua dereva wa Kibondo. Nilitaka kuandika kwamba huenda nikawa karani. Mkono ukaandika kwamba mimi ni karani. Nikasoma tena, nikaona inapendeza, nikafunga bahasha. Nimemwambia nitakuja Juni, kwa likizo.

Wiki ya 7 Aprili

Wiki ya kuomboleza waliouawa mwaka 1994. Depo imefungwa. Munyakazi alikuwa na watoto watano. Hatutanii wiki hii. Mimi si wa hapa, nimekaa ndani.

Jumatatu, 19 Aprili

Chumba cha arobaini na saba kilikwisha Alhamisi iliyopita, baada ya siku kumi za kukifikiria. Siri yake ni kwamba kasha la mlangoni lazima uliondoe mahali pake pazuri, uliweke pabaya, upitishe mengine, kisha ulirudishe. Nilikipata nikiwa juu ya lori, sio kwenye kiti.

Nikaona depo yetu ina ugonjwa huo huo. Misumari iko nyuma ya mabati marefu, na lori la Bugeshi likija linataka misumari kwanza, kwa hiyo kila asubuhi tunahamisha mabati mia ili kufikia katoni kumi. Nikamwambia Védaste. Siku ya pili Kimenyi akaja, mrefu, na Kiswahili chake cha Kampala, akaagiza misumari ihamie mlangoni.

"Huyu shemeji yangu ameanza kufikiri," akasema.

Védaste akatazama chini. Mimi nikatazama soksi zangu.

"Alikula akili yako bila chumvi," Munyakazi akaninong'oneza.

"Atanilipa Kanzenze."

"Kanzenze iko mbali, mwanangu. Na barabara imekatika."

Alhamisi, 29 Aprili

Mvua. Kweli barabara ya Kanzenze imekatwa na maji. Chumba cha arobaini na nane kinanishinda.

Jumanne, 4 Mei

Kesho tunapanda Bugeshi kushusha mabati siku tatu, labda nne. Védaste akataka nimwachie disketi.

"Siku ine peke yangu na hii mvua? Nitakufa na usingizi."

Nikakataa. Akafungua orodha kwenye mashine, akaishusha mpaka mahali palipoandikwa Kanzenze, akaweka kidole kwenye nafasi iliyo tupu.

"Hapa ndipo jina linaingia. Nikiwa na moyo muzuri naandika leo."

Kwenye disketi kuna kitundu chenye kifuniko kidogo. Ukikisogeza, hakuna anayeweza kuandika wala kufuta kitu. Mzungu alinionyesha. Lakini kikisogezwa, mchezo nao haukumbuki chumba ulichofika, kwa hiyo mimi sikukisogeza kamwe. Nilimpa ikiwa hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Mei, Bugeshi

Baridi ya mlima inaingia mpaka kwenye meno. Watu wanashuka vijia na viazi mgongoni, wanasimama kututazama. Mama mmoja alipiga bati kofi kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza, "Hii itapiga kelele sana wakati wa mvua?" Nikasema itapiga. Akasema, "Bon. Nitajua kama niko ndani."

Nimelala juu ya katoni za misumari nikifikiria Kanzenze. Meza, kiti, mashine. Munyakazi anakoroma.

Jumatatu, 10 Mei

Tumerudi. Védaste alikuwa mlangoni na disketi mkononi, anacheka.

"Chukua mali yako. Kazi imeisha. Mchezo sasa iko mu mashine, nimeuingiza mimi mwenyewe."

"Umenakili?"

"Nimefanya entrée mu mashine. Halafu nikafanya sortie ku disketi."

Sikuelewa. Akanielewesha taratibu, kama unavyomweleza mpakizi mpya. Kitu kikiingia depo ya pili, lazima kitoke kwenye depo ya kwanza. Kitu kimoja hakiwezi kuwa mahali pawili, ukiandika hivyo huo ni wizi. Kwa hiyo alipoona mchezo umekwisha kuingia kwenye mashine, akaufuta kwenye disketi, ili hesabu iwe safi.

Nikakimbilia mashine. Mchezo ulikuwepo. Ulifunguka kwenye chumba cha kwanza. Alikuwa amenakili faili moja, lile kubwa. Lile dogo linaloandika umefika wapi hakulijali, na kwenye disketi alifuta yote.

"Vyumba vyangu arobaini na saba," nikasema.

"Utaanza tena. Si ni mchezo?"

Miaka mitatu. Chumba cha ishirini na sita nilikimaliza siku mwanangu wa pili alipozaliwa. Sikumwambia. Védaste angeona ni maneno ya mtoto, na labda ni kweli.

Halafu akasema neno lililonifunga mdomo. "Usinune. Disketi si tupu. Nimetia ndani orodha ya depo, ile ya kwenda Kanzenze. Weka kwako. Siku barabara ikifunguka, wewe ndiye utaipeleka."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Nimeiweka mfuko wa shati, ndani ya plastiki yake.

Jumatano, 12 Mei

Mvua. Mabati mia tatu na hamsini. Saa sita dirisha halikupigwa.

Ijumaa, 14 Mei

Dirisha halikupigwa. Nilipita kama mtu anayetafuta maji, nikamwona Védaste yuko chumba cha tatu, anasukuma kasha kwenye kona. Sikumwambia. Nikapapasa mfuko wangu. Nina orodha ya depo nzima kifuani, nikajiambia, acha acheze.

Jumatatu, 17 Mei

Barua ya mke wangu. Amewaambia watu wa kanisani. Mchungaji ameomba nikija niwatazamie mashine ya kuandikia ya kanisa, imekwama. Mtoto mkubwa anawaambia wenzake baba yake ana kompyuta.

Nimeisoma mara nne.

Jumatano, 19 Mei

Leo nitaandika yote.

Asubuhi Kimenyi alikuja na habari kwamba watu wanaolipia nyumba wanafika kesho kuuliza mabati yao yamekwenda wapi, moja moja, tangu Februari. Akamwambia Védaste atoe orodha. Mimi na Munyakazi tulikuwa tunafuta mlangoni, tulisikia kila kitu.

Orodha haikuwemo.

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikashika mfuko wa shati. Alipoitia kwenye disketi, aliifuta kwenye mashine. Imekwenda Kanzenze, sortie, ndivyo alivyomwambia Patron. Na madaftari yalikwisha kuachwa tangu mashine ilipokuja.

"Nani amekuambia uitoe?" Kimenyi aliuliza. "Nilisema upeleke nakala yake."

Kisha sauti ya Védaste, nyembamba: "Ni ule Mutanzania, Patron. Anakuwaga na disketi yake ya mchezo, anaingia hapa saa sita. Ndiye ameibeba."

Munyakazi akaacha kufuta. "Kaa kimya," akaniambia. "Itupe mu choo. Orodha ikikosekana watamfukuza yeye, na we hawana la kukushika."

Shauri lilikuwa zuri. Lakini nilitaka Kimenyi aone. Hilo ndilo kosa langu na silifichi. Tangu Machi nilitaka mtu mmoja mwenye depo anione nimekaa kwenye kile kiti. Nikavua soksi mikononi, nikaingia.

"Orodha iko hapa, Patron."

Kimenyi akanitazama, akatazama disketi. "Kaa. Fungua."

Nikakaa. Vidole vinne. Orodha ikafunguka, safi, tangu Februari. Kimenyi akainama begani kwangu. Nikaishusha polepole ili aone kila kitu, Bugeshi, madereva, tarehe, misumari. Tukafika Kanzenze.

Mahali pale pa jina palikuwa pamejazwa. Mchunga depo: Uwitonze Cyusa. Ni binamu yake Védaste, kijana anayevusha vitu mpakani, pale Grande Barrière. Nikaendelea kushusha kwa sababu vidole vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwishoni kabisa, chini ya wapakizi, palikuwa na neno Mutanzania.

Siku tisa nililala nayo kifuani.

"Wewe ulijifunza wapi hii kitu?" Kimenyi aliuliza. Sauti haikuwa ya hasira.

"Kwa mchezo, Patron. Kwenye mashine hii, saa sita."

"Na orodha yangu ilifikaje kwako?"

Nikamweleza entrée na sortie. Védaste alikuwa amesimama kwenye kona, na kwa mara ya kwanza nilimwona alivyo: mtu aliyewekewa mashine ya kumtisha, anayeogopa kurudi kijijini kama mimi. Hilo halikunizuia kueleza yote.

Kimenyi akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Sikiliza, kijana. Wewe umetembea na depo yangu yote kwa mfuko wa shati siku tisa. Bati ngapi, inapita njia gani, siku gani, lori gani. Umepita nayo sokoni. Unalala nayo hapo karibu na mpaka. Kuna watu wenye bunduki huko porini wangependa sana kujua hiyo."

"Sikuisoma, Patron. Sina mashine ya kusomea."

"Na ungekuwa nayo?"

Ningesema nisingesoma, ungekuwa uongo. Ningesoma siku ya kwanza.

"Védaste ni mjinga," akasema, kama vile Védaste hayupo. "Lakini mjinga mimi najua anaishia wapi. Wewe sijui unaishia wapi." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

"Disketi ni yangu."

"Orodha ni yangu. Iko ndani yake."

Nikaitoa kwenye mashine, nikampa. Akaitia mfukoni mwake, shati jeupe. Akasema nisije kesho.

Nje, Munyakazi alikuwa amekwisha kuanza kufuta bati langu pamoja na lake.

"Nilikuambia choo," akasema.

"Uliniambia."

Ijumaa, 21 Mei

Védaste amekuja chumbani kwangu asubuhi, amelowa mpaka kofia. Kimenyi amekwenda Kigali na wale wageni. Amemwachia disketi na agizo kwamba akirudi akute orodha iko mahali pawili, kwenye mashine na kwenye disketi.

"Naogopa kuigusa," alisema. "Nikigusa itapotea tena. Mutanzania, ndugu yangu, usinikatalie."

"Ndugu yako ni Cyusa."

Akakaa kwenye kizingiti. "Cyusa ni mutoto wa mama mudogo. Ningemukataa, ningekula wapi?" Kisha, "We ungefanya nini?"

Nilifikiri kumfukuza. Nilifikiri pia jambo baya zaidi. Najua maneno ya kufuta, ni mafupi, angeyaandika kwa kidole chake kimoja na Kimenyi angerudi akute vitu viwili vitupu. Nilishika kalamu nikiwa na maneno hayo kichwani.

Nikachana upande wa katoni ya misumari, nikamwandikia ya kweli. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilikuwa na mtu mbele yangu anayengoja niandike kitu sahihi, na sikutaka mara hiyo ya pekee niandike uongo. Nilishaandika mmoja Pasaka.

Ilikuwa mistari mitatu. Nilitazama kipande kile cha katoni. Kila nilichokuwa nacho cha kunipa kiti Kanzenze kilienea hapo, na nafasi ilibaki.

Védaste aliisoma akisogeza midomo. "Na ile ya kwanza inabaki?"

"Inabaki. Na hii inakuwepo."

"Zote mbili ni za kweli?"

"Zote mbili."

"Sasa mwizi atajulikana namna gani?"

Nikacheka. Alikuwa anauliza kweli. Akaikunja katoni ndani ya koti, isilowe, akasema angenirudishia mchezo kwenye disketi nyingine, akiipata. Nikamwambia kwetu hakuna mashine. Akaondoka akikimbia chini ya mvua, mkono kifuani.

Barua nyingine sitaandika, maana nitaitangulia. Nimepata nafasi kwenye lori la Kibondo, linaondoka kesho alfajiri kupitia Rusumo. Nitafika Heru Juu Jumanne, tarehe 25 Mei, mchana, kwa njia kuu inayopita kanisani. Atakayeniita karani nitamsahihisha.